Chumba cha Wasoma Prufu: Mhadhara juu ya Jumba la Plantin-Moretus

Ndugu wahariri, wachapaji na wanafunzi wa fani hii, asanteni kwa kunialika. Nimeombwa niwasimulie habari za Makumbusho ya Plantin-Moretus, huko Antwerp, Ubelgiji. Humo mna mengi. Baadhi nitayapita haraka, maana kuna chumba kimoja ambacho nataka tukae ndani yake.

Christophe Plantin alikuwa Mfaransa. Alianza kupiga chapa Antwerp mwaka 1555, na mwaka 1576 akahamia uwanja wa Vrijdagmarkt, mahali palipo makumbusho hadi leo. Alipofariki mwaka 1589, kazi ikashikwa na mkwewe, Jan Moretus, ikarithiwa kizazi hata kizazi mpaka 1867. Mwaka 1876 ukoo ukaliuzia jiji nyumba pamoja na vyote vilivyomo: mitambo, herufi, barua, hata daftari za mishahara. Kwa hiyo mgeni anayeingia pale anakikuta kiwanda kizima, kila kitu mahali pake.

Katika ukumbi wa mitambo zimo mashine mbili za mbao za tangu mwaka 1600 hivi, kongwe kuliko zote zilizosalia duniani. Mashine moja ilitaka watu wawili: mmoja anapaka wino kwa matufe ya ngozi, mwenzake anaweka karatasi na kuvuta mkono wa mashine. Kazi ya siku ilikuwa karatasi 1,250, pande zote mbili. Yaani kuchapa pande 2,500! Nilipoziona mashine zile, mabega yangu yalichoka kwa niaba yao.

Sasa twende kwenye chumba chenyewe. Ni chumba cha wasoma prufu, yaani watu wanaosoma kurasa za majaribio na kusaka makosa kabla hazijachapwa. Kina meza ya mwaloni iliyosogezwa dirishani, kwa kuwa kazi yao ilitaka mwanga. Kwa nini watengewe chumba chao? Herufi za madini ya risasi zilikuwa ghali. Hakuna kiwanda kilichoweza kuziacha zimepangwa katika kurasa mpaka kitabu kiishe. Kurasa chache zikishachapwa, herufi huoshwa, hurudishwa kwenye visanduku vyake, kisha hupangwa upya kwa kurasa zinazofuata. Kosa lisipoonwa wakati herufi bado zimepangwa, basi limeingia katika kila nakala, na hakuna wa kulitoa. Na huku nje wapiga chapa wanangoja.

Fikirieni basi Biblia ya lugha tano, majalada 8, ambayo Plantin aliianza mwaka 1568: Kiebrania, Kiaramu, Kisiria, Kigiriki na Kilatini. Mfalme Philip II wa Hispania alimtuma mtaalamu Benito Arias Montano aisimamie. Lakini aliyempelekea prufu na kumsomea maandishi ya asili alikuwa Magdalena, binti wa Plantin, akiwa na miaka kama 13. Baba yake mwenyewe ameliandika jambo hilo katika barua, na kwa fahari. Kulikuwa na Cornelis Kiliaan pia, aliyeanzia kwenye upangaji herufi, akapanda hadi usoma prufu, na pamoja na kazi hiyo akatunga kamusi kubwa ya Kiholanzi, iliyotoka mwaka 1599.

Pale chumbani niliwakumbuka vijana waliokombolewa utumwani, ambao Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, aliwafundisha kupiga chapa kule Unguja katika karne ya 19. Kurasa za mwanzo za Kiswahili zilizochapwa visiwani kwetu zilipita mikononi mwao. Jina la Steere tunalijua sote. Ya kwao, ni nani kati yetu anaweza kuyataja?

Leo kosa hurekebishwa kwenye kompyuta hata saa sita ya usiku, nasi tumejizoesha kuamini kwamba litangoja. Bajeti ikibana, wa kwanza kuondolewa ni msoma prufu, kisha mwanafunzi wa darasa la nne anapewa kitabu chenye jibu lisilo sahihi, na mwalimu wake anahangaika kulieleza.

Ombi langu kwa wachapishaji mlio hapa ni hili: jina la msoma prufu liandikwe kwenye ukurasa wa hakimiliki, karibu na la mchora jalada. Na apewe ujira wake kabla kitabu hakijaenda kiwandani.