Kabla ya Jangwa: Chimbuko la Umonaki nchini Misri

Ndugu wasikilizaji, mwezi Juni mwaka 324 mkulima mmoja wa kijiji cha Karanis, katika eneo la Fayumu nchini Misri, aliwasilisha malalamiko serikalini. Alieleza kwamba alimkuta ng'ombe akila mazao yake, na alipokuwa akimswaga kumpeleka kijijini, watu wawili walimvamia kwa rungu, wakampiga na kumnyang'anya ng'ombe huyo. Nao wangemuua kama asingeokolewa na shemasi Antonino na Isaka mmonaki. Hati hiyo ya mafunjo ndiyo ya kale kuliko zote zenye tarehe zinazotumia neno la Kigiriki monachos, yaani mtu aliye peke yake, kwa maana ya mtawa wa Kikristo. Angalieni mahali Isaka anapoonekana: si pangoni, bali kando ya mashamba, akiamua ugomvi wa ng'ombe, wala mlalamikaji haoni haja ya kumweleza afisa mmonaki ni mtu wa namna gani.

Nimeanza na Isaka kwa sababu tumezoea kuanza na Antoni, mkaapweke wa Misri anayeitwa "baba wa wamonaki". Askofu Atanasi wa Aleksandria, aliyeandika maisha ya Antoni muda mfupi baada ya kifo chake mwaka 356, anasimulia jinsi kijana huyo alivyosikia kanisani Injili ya kuuza mali na kuwapa maskini, akatoa shamba la urithi la arura 300, ambazo ni takriban ekari 200. Hata hivyo, Atanasi huyohuyo anakiri kwamba dada yake Antoni alikabidhiwa kwa mabikira waaminifu waliojulikana tayari, na kwamba Antoni alijifunza kwa mzee wa kijiji jirani aliyeishi upweke tangu ujana. Kwa hiyo "baba wa wamonaki" alikuwa na walimu, na dada yake alipata wenzake wa utawa kabla yeye hajaondoka kijijini. Jambo jipya kwa Antoni lilikuwa umbali: kwanza makaburini, kisha miaka 20 hivi katika ngome iliyoachwa, na mwishoni mlima ulio karibu na Bahari ya Shamu.

Kuondoka huko kuliitwa anachoresis, na neno lenyewe lina historia ya vumbi. Wakulima wa Misri walilitumia kwa mtu aliyekimbia kijiji chake kukwepa kodi. Sidai kwamba wakaapweke walikuwa wakwepa kodi. Nasema tu kwamba jirani aliyesikia fulani ameondoka huenda aliwaza kodi kabla ya sala.

Pakomi, mwanzilishi wa utawa wa kuishi pamoja, aliufikia utawa kwa njia nyingine kabisa. Akiwa kijana mpagani aliyekamatwa kwa nguvu kuingizwa jeshini, alifungiwa pamoja na wenzake, na wenyeji wakawaletea chakula. Alipouliza ni akina nani, akaambiwa ni Wakristo. Baada ya kuachiliwa alibatizwa, akakaa chini ya mkaapweke Palamoni, na karibu na mwaka 323 akaanzisha Tabennesi, huko Misri ya Juu, yaani kusini mwa nchi, jumuiya yenye ukuta, kazi na meza ya pamoja. Alipofariki katikati ya miaka ya 340 aliacha nyumba tisa za wanaume na mbili za wanawake; hizi za wanawake mwanzo wake ulikuwa kwa dada yake, Maria. Kanuni zake, alizozitafsiri Yeronimo, mfasiri maarufu wa Biblia, kwa Kilatini mwaka 404, zinahusu kusuka mikeka, kutunza vifaa na kunyamaza mezani. Aliyejiunga upya asiyejua kusoma alipaswa kwenda kwa mwalimu saa ya kwanza, ya tatu na ya sita, na akikataa alilazimishwa, kwa kuwa kila aliyekaa humo alitakiwa kujua kwa moyo walau Zaburi na Agano Jipya.