Anguko la Farasi Si Kionjo cha Runinga

Ndugu wanafunzi, walimu wangu, na nyinyi wa vyumba vya habari mliokatiza shughuli zenu kuja hapa: ahsanteni sana. Mada niliyopewa ni swali. Je, runinga inayorusha mbio za farasi izipe ajali nafasi ya mbele ili ivute watazamaji? Jibu langu ni hapana, nalitoa mapema ili tusizunguke. Lakini hapana ziko mbili. Ipo ya anayetaka ajali ifichwe, na ipo ya anayetaka isiuzwe. Mimi niko na huyu wa pili, na ningependa tukitoka hapa mjue kwa nini sikubaliani na yule wa kwanza.

Wenzetu wa Nairobi wana uwanja wa Ngong, wanaweza kwenda Jumapili wakasikia kishindo cha kwato kwa masikio yao. Sisi wengine tunazijua mbio hizi kwa skrini tu, na siku hizi vijana wengi wanazijua kwenye vibanda vya kubeti, ambako farasi ni wa kompyuta: mbio moja ikiisha inakuja nyingine, hakuna anayechoka, hakuna anayevunjika. Kwa hiyo niruhusuni kwanza niwaeleze farasi mwenyewe ni kiumbe gani.

Farasi wa mbio ana uzito wa kilo 450 hadi 500 hivi, na akichanganya mwendo anafika kilomita 60 kwa saa. Katika kila hatua kuna kitambo ambapo uzito wote huo unabebwa na mguu mmoja, na chini ya goti mguu huo hauna misuli. Ni mfupa, kano na ngozi basi. Mfupa ukisagika pale, kuunga ni kazi ngumu mno, na mgonjwa mwenyewe hawezi kulazwa kitandani wiki sita. Lazima asimame. Akisimama kwa miguu mitatu, ule mguu mzima unaobeba zigo la mwenzake nao unaugua kwatoni. Ndivyo alivyoondoka Barbaro, farasi bingwa wa Kentucky Derby, mbio mashuhuri za Marekani, wa mwaka 2006. Wiki mbili baada ya ushindi ule alivunjika mguu wa nyuma kwenye mbio za Preakness, akafanyiwa upasuaji, akauguzwa miezi minane na madaktari bingwa, na Januari 2007 ikabidi apumzishwe, yaani auawe kwa dawa asiendelee kuteseka, kwa sababu miguu iliyokuwa mizima nayo ilikuwa imeharibika. Wenye farasi yule walikuwa na fedha na walikuwa na nia. Bado haikuwezekana.

Basi mkiona kwenye matangazo mapazia yanasimamishwa haraka uwanjani, mjue nyuma yake kuna daktari wa mifugo na mnyama mwenye maumivu makali, na mara nyingi uamuzi umeshafanyika.

Sasa nije kwenye runinga. Tarehe 6 Julai 1975, uwanja wa Belmont Park, New York. Farasi jike Ruffian, ambaye alikuwa amekimbia mara 10 na kushinda zote, alipambanishwa na Foolish Pleasure, dume aliyechukua Kentucky Derby mwaka ule ule. Wawili tu. Shirika la CBS lilirusha moja kwa moja, na inakadiriwa Wamarekani milioni 20 walikuwa mbele ya runinga. Pambano lilinadiwa kama vita vya jike na dume, watu wakavaa beji za upande wanaoshabikia. Joki Jacinto Vasquez alikuwa amezoea kuwapanda wote wawili. Siku ile akamchagua Ruffian. Hawajafika mbali, mfupa wa mguu wa mbele wa kulia ukapasuka. Vasquez akavuta hatamu kwa nguvu zake zote, lakini Ruffian hakutaka kusimama. Alikuwa hajawahi kuachwa nyuma. Akaendelea kukimbia juu ya mguu uliovunjika, na kila hatua ikazidi kuuponda. Alipasuliwa usiku ule. Alipozinduka kwenye dawa ya usingizi akaanza kupiga miguu kana kwamba bado yuko mbioni, akaharibu kila kilichofungwa. Akapumzishwa. Alizikwa pale pale Belmont.

CBS haikuitangaza ajali ile kabla, nani angeweza? Walichokiuza ni pambano. Lakini tazameni kilichofuata. Kama ni kweli kwamba ajali huvuta watazamaji, basi tukio lililoonwa na mamilioni lingezaa mapambano mengine ya aina ile kila mwaka. Badala yake watu waliokuwa wameipenda Ruffian walivunjika moyo, na mapambano ya farasi wawili kwa ukubwa ule yakafifia. Mtazamaji wa mbio hukaa kwa sababu amempenda farasi fulani, amelijua jina lake, amemwona akikua. Anayekuja kutazama anguko, akishaliona anaondoka zake, na kesho atalitafuta anguko jingine popote pale. Huyo si mtazamaji wa mchezo wako.

Kuna watakaoniambia: mbona Grand National imejengwa juu ya hatari? Ni swali la haki. Mbio zile za Aintree, Liverpool, zina urefu wa karibu kilomita 7 na viunzi 30, na picha za anguko zimekuwa sehemu ya historia yake. Mwaka 1967, kwenye kiunzi cha 23, farasi asiye na mpandaji alikata njia mbele ya wenzake, kundi karibu zima likasongamana. Foinavon, ambaye alikuwa nyuma sana na aliyewekewa dau la 100 kwa 1, yaani karibu hakuna aliyemtarajia, akapata upenyo, akapita na kushinda. Picha ile imerudiwa miaka na miaka, na kiunzi kile leo kinaitwa kwa jina lake. Mimi mwenyewe naitazama kwa furaha. Ila angalieni kinachotufurahisha pale: ni yule aliyepita. Kamera inamfuata Foinavon akiwa peke yake. Haikai kwenye shingo ya aliyeanguka.

Na sasa yule mtu wa kwanza, anayetaka tufiche. Hoja yake ni ya huruma, lakini matokeo yake si ya huruma. Mwaka 2011 farasi wawili, Ornais na Dooneys Gate, walikufa kwenye mzunguko wa kwanza wa Grand National. Mzunguko wa pili viunzi viwili, kimojawapo kile maarufu cha Becher's Brook, vikapitwa pembeni. BBC ilikuwa inarusha kwa picha za kutoka juu, na nyumbani watu wakaona turubai limefunika kitu. Mtazamaji akaachwa aunganishe mwenyewe, na lawama zikaja kwa wingi. Picha ilisema ukweli, sauti ikasitasita.

Lakini kwa sababu watu waliona, maswali hayakuzimika. Mwaka uliofuata wakafa wengine wawili, maswali yakazidi. Kufikia 2013 miti migumu iliyokuwa ndani ya viunzi ilikuwa imebadilishwa kwa plastiki inayonepa. Mwaka 2024 idadi ya farasi ikapunguzwa kutoka 40 hadi 34. Msinielewe vibaya, sisemi kamera ndiyo iliyofanya kazi yote. Nasema ajali isiyoonwa na mtu haibadilishi kiunzi.

Hapo ndipo mstari unapopita. Kuripoti ni kumwambia mtazamaji kilichotokea, jina la farasi, hali yake na ya joki. Kuuza ni kuchukua sekunde tatu za shingo inayopinda, ukazipunguza mwendo, ukaziwekea muziki, ukazipachika kwenye kionjo cha wiki ijayo. Hiyo ni kiki, na inatafutwa juu ya mgongo wa kiumbe ambaye hakuulizwa.

Tusimsahau joki. Kule Uingereza na Ireland gari la wagonjwa hukimbia sambamba na farasi, kwa sababu kila mtu anajua mbio za viunzi zina nini. Februari 2025, Michael O'Sullivan, kijana wa miaka 24, alianguka kwenye uwanja wa Thurles, Ireland, na siku chache baadaye akafariki. Mwezi uliofuata, kwenye uwanja wa Cheltenham, Uingereza, farasi Marine Nationale, ambaye O'Sullivan alishinda naye hapo hapo mwaka 2023, alishinda mbio za Champion Chase akipandwa na Sean Flanagan. Watu wazima walilia hadharani. Kama mnataka kujua runinga inavyoweza kumshika mtu bila kumwonyesha anguko hata moja, katafuteni mbio zile. Kilichohitajika ni watu waliomjua kijana yule, na mtangazaji anayejua wakati wa kunyamaza.

Kwa mliopo kwenye vyumba vya kurushia matangazo, ninayo maombi. Ajali ikitokea, ionyeshwe kama ilivyoingia kwenye picha, mara moja. Marudio yakihitajika kueleza chanzo, mfano farasi alikatwa njia, yaishie kabla ya kuanguka. Mtangazaji ataje jina. Asitumie maneno ya kuzungukazunguka. Kama farasi amekufa, aseme amekufa. Na matangazo yasifungwe kabla mtazamaji hajaambiwa hali ilivyo, hata kama ni kusema tu kwamba madaktari bado wako naye. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote: mshindi anavishwa, matangazo ya biashara yanaingia, na mtoto aliyekuwa sebuleni anabaki anamuuliza mama yake yule wa kijani ameenda wapi.

Mwaka huo wa 2024, mwaka wa farasi 34, hakuna farasi hata mmoja aliyeanguka Grand National. Wapo wapandaji waliotupwa, lakini farasi wote walibaki kwa miguu yao. I Am Maximus alishinda kwa kuwaacha wenzake mbali baada ya kiunzi cha mwisho. Mamilioni walitazama hadi mwisho. Nina hakika wahariri wa hapa wana ya kunijibu, na ningependa tuanze na wao kabla ya wanafunzi. Karibuni.