Anne Hutchinson na familia yake: leo tumuangalie na mume

Haya jamani, karibuni mbele, viti vipo. Anne Hutchinson wengi mnamjua kwa ile kesi tu, aliposhitakiwa Massachusetts 1637 kwa mafundisho yake ya dini, mimi leo nataka tuingie nyumbani kwake, maana bila ile nyumba hata hiyo kesi isingekuwepo.

Alibatizwa Alford, Lincolnshire, Uingereza, mwaka 1591, kwao ni Marbury. Baba yake Francis alikuwa kasisi wa Kianglikana asiyejua kunyamaza, aliwasema maaskofu hadharani kwamba wanaweka makasisi vihiyo, wakamtia ndani. Kwa hiyo binti ubishi wa dini kaukuta nyumbani. 1612 akaolewa na William Hutchinson, mfanyabiashara wa vitambaa, mtu na hela zake, wakazaa wee, watoto 15, 14 kati yao kabla hata hawajavuka bahari. Mwaka 1630 wakazika mabinti wawili, mmoja Susanna, na miaka mitatu baadae alipozaliwa mwingine wakampa jina hilohilo. Mshikeni huyo Susanna mdogo, tutarudi kwake.

Sasa mhubiri waliyempenda, John Cotton, alipoanza kuandamwa akakimbilia Massachusetts, koloni la Waingereza kule Amerika, 1633, wakamtanguliza mtoto wao mkubwa Edward kwenye safari hiyohiyo, na 1634 familia ikapanda meli Griffin ikafuata. Hapo William kaacha duka na wateja aliowajenga miaka yote, mke kasema tunamfuata mchungaji, wakaenda.

Huko Massachusetts, mjini Boston, nyumba yao ilitazamana na ya gavana John Winthrop, barabara tu katikati. Anne alikuwa mkunga, wanawake wakamzoea kwenye uzazi, maongezi yakaenda mpaka kwenye mahubiri ya Jumapili, mara mikutano ya kila wiki, mara na wanaume nao wamo, inafika hadi watu 60 sebuleni. Na alichokuwa anasema ni kwamba wachungaji karibu wote pale, ukimtoa Cotton, wanafundisha watu wajiokoe kwa matendo wakati wokovu ni neema tupu. Massachusetts ya wakati ule mchungaji na hakimu wanakula sahani moja, unategemea nini?

Novemba 1637 akapandishwa kortini, Winthrop ndio mshitaki ndio hakimu. Akawajibu mstari kwa mstari mpaka wakawa hawana la kumshika, halafu mwenyewe akasema Mungu anamfunulia moja kwa moja. Kwao huo ni uzushi, basi, ikaishia hapo. Hukumu ya kumfukuza kwenye koloni ilipotoka akauliza nafukuzwa kwa kosa gani, Winthrop akamjibu usiseme zaidi, korti inajua na imeridhika. Mimi nikiisoma hiyo najisikia hasira mpaka leo! Machi 1638 kanisa nalo likamtenga, mchungaji mmoja, Hugh Peter, akamwambia amekuwa mume kuliko mke.

Na mume mwenyewe? William alishatangulia kutafuta pa kukaa, wakahamia kisiwa cha Aquidneck, Rhode Island ya leo. Kanisa la Boston likatuma wajumbe kumfuata hukohuko, akawajibu kwamba amefungamana na mke wake kuliko anavyofungamana na kanisa lao. Mwanaume wa karne ya 17 huyo! Vitabu vinampitia haraka mno kwa kweli.

William alipofariki, Anne akaogopa Massachusetts itakimeza na hicho kisiwa, akachukua watoto wadogo akahamia eneo la Waholanzi, pale ambapo leo ni Bronx, New York. Wakati mbaya kabisa, maana gavana wa Waholanzi, Willem Kieft, alikuwa amefanya mauaji ya wenyeji wa Amerika Februari 1643, na wenyeji walipolipiza Agosti haikuulizwa nani Mholanzi nani Mwingereza. Anne akauawa na watoto wake kadhaa.

Susanna akachukuliwa mateka akiwa na kama miaka tisa au kumi. Akakaa na Wasiwanoy, kabila la wenyeji wa pale, miaka kadhaa, na aliporudishwa Winthrop anaandika kwamba alikuwa ameshasahau lugha yake na hakutaka kuondoka kwa wale watu. 1651 akaolewa Boston na John Cole, akazaa na yeye. Kwa Edward, yule aliyetangulia, ndiko alikotoka Thomas Hutchinson, gavana wa Massachusetts, kiti kilekile cha Winthrop. Na ile hukumu ya kumfukuza bibi yao ilikuja kufutwa 1987 na gavana Michael Dukakis.

Haya, maswali, naona mkono pale nyuma.