Molekuli haivunjiki ovyo ovyo

Haya jamani, sasa tunafika pale ninapopapenda kuliko kote. Watu wengi wakipewa spektra ya masi, yani ile chati inayoonyesha masi ya molekuli na ya vipande vyake, kitu cha kwanza wanakimbilia ile namba ya molekuli nzima, wakishaipata basi wanafunga kazi, vile vipande vingine wanaviona kama takataka. Hapana! Habari yenyewe iko kwenye vipande.

Ndani ya mashine kuna vakyumu, yani hewa imeondolewa, elektroni inarushwa na nishati ya 70 eV (elektronivolti, kipimo cha nishati) inaipiga molekuli mpaka inang'oka elektroni moja, na kuing'oa kwenye molekuli nyingi za kaboni inatakiwa kama 10 eV tu, kwa hiyo molekuli inabaki na chaji chanya halafu mara nyingi na nishati ya ziada ya kuivunja. Kile kipande chenye chaji ndo tunakiona, kisicho na chaji kinavutwa na pampu kinapotea, ila tunajua kilikuwa nini kwa kutoa hesabu.

Chukua pentanoni mbili, formula yao moja, C5H10O, zote masi yake 86. Kwa masi peke yake huwezi kuzitofautisha. Sasa angalia zinapokatika. 3-pentanoni ina ethili (C2H5, masi 29) huku na huku, inakatika pembeni ya kabonili, yani ile kaboni yenye oksijeni, inapoteza ethili moja ya 29, unapata 57, na 57 nayo ikitoa CO ya 28 unabaki na 29. Ya 2-pentanoni inakupa 43 kubwa kabisa, 71 kidogo kwa sababu imepoteza methili (CH3, masi 15), halafu kuna 58. Hapo kwenye 58 tusimame kwanza. Molekuli isiyo na naitrojeni ikikatika bondi moja tu, kipande kinakuwa namba witiri, sasa hii shufwa imetoka wapi? Maana yake kuna kitu kimehama. Hidrojeni iliyoko kwenye kaboni ya tatu kutoka kabonili inajikunja inaifikia oksijeni, inapita kwenye duara la atomu sita, ndipo bondi inakatika na etheni (C2H4, masi 28) inaondoka, 86 toa 28 ni 58. Ndo mpangilio upya wa McLafferty, Mmarekani aliyeuchambua miaka ya 1950, na mimi kwa kweli sijaona kitu kizuri kama hiki kwenye kemia yote, yani molekuli iko peke yake kwenye vakyumu, hakuna asidi, hakuna kichocheo, na bado inafuata njia yake vilevile kila ukirudia.

Kuna ya tatu, 3-methili-2-butanoni, nayo 86. Inatoa 43, inatoa 71, ukiangalia haraka utasema ni 2-pentanoni. Lakini itafute 58, hakuna kilele cha maana pale, kwa sababu hiyo kaboni ya tatu haina, mnyororo wake umeishia kwenye ya pili, hidrojeni ya kuhama itoke wapi?