Manesi wa ICU ya watoto, kupanda cheo kunaanzia kitandani kwa mtoto

Haya wapendwa, karibuni tena. Leo naongea na manesi wenzangu, hasa nyie wa huko nyumbani mnaoniandikia, dada niko ICU ya watoto, yaani wodi ya watoto mahututi, nisome kozi gani nipande. Karibu wote mnaanza na kozi. Mimi naomba tuanze na mtoto mwenyewe aliyelala pale, maana kwenye kazi hii hata ufike wapi, watu watakusikiliza kwa sababu ya unachokiona ukisimama kitandani kwake.

Mtoto mahututi haonyeshi hali yake mapema kama mtu mzima. Damu inampungukia mwilini, yeye anaongeza mapigo ya moyo, anabana mishipa ya mikono na miguu, na presha inabaki inasoma vizuri tu, yaani mtu asiyejua anaangalia monita anasema huyu yuko sawa, kumbe presha ikija kushuka mtoto ameshaishiwa. Kwa hiyo nesi mzoefu haisubiri presha. Anagusa miguu kama imepoa, anabonyeza kidole na kuangalia damu inarudi baada ya muda gani, zikizidi sekunde 2 anaanza kutafuta sababu, anaangalia kama mtoto anamtambua mama yake. Na hiyo presha yenyewe lazima ujue mpaka wake kichwani, kuanzia mwaka 1 hadi 10 unachukua 70 unajumlisha umri mara 2, kwa hiyo mtoto wa miaka 4 ile namba ya juu ikiwa chini ya 78 tayari ni hatari.

Alafu kuna kilo. Wodi moja, kitanda hiki kichanga wa kilo 3, kinachofuata kijana wa kilo 60. Adrenalini ya mshipani moyo ukisimama ni miligramu 0.01 kwa kila kilo, basi mmoja anapata 0.03 na mwenzake 0.6, nukta ikihama nafasi moja umempa mtoto dozi mara 10. Ndo maana nasema huu si uuguzi wa watu wazima uliopunguzwa saizi, ni kazi yake kabisa na ina ngazi zake.

Kuna muuguzi msomi anaitwa Patricia Benner, mwaka 1984 alieleza hatua 5 ambazo nesi anapitia, kuanzia mgeni kabisa hadi bingwa. Alichosema ambacho mimi nakipenda sana ni kwamba uzoefu wako hauhami mzima mzima, ukiingia kwenye wodi ya aina usiyoijua unaweza kurudi kuwa mgeni hata kama una miaka mingi kazini, na kuwa nesi anayejimudu alisema kunachukua miaka 2 hadi 3 ya kufanya kazi ya aina ile ile. Jamani hili liwaingie, hasa nyie mnaojiandaa kutoka. Huku ughaibuni nawaona watu waliokuwa mainchaji makwao, wamefika ICU ya watoto wanapewa mtu wa kuwaelekeza miezi kadhaa na roho zinawauma. Msiumie. Kaa chini ya huyo mwelekezi, uliza kila kitu, mwambie akusimamie ukivuta makohozi kwenye bomba la mtoto wa ventileta, ile mashine ya kupumulia, akusimamie ukipanga pampu za dawa, kwa sababu huko ndiko utakakopimwa.

Sasa vyeti. Cha kwanza ni PALS, ile kozi ya Chama cha Moyo cha Marekani ya kuokoa maisha ya watoto, cheti kinadumu miaka 2. Ila kadi inadumu miaka 2, mikono haidumu hivo, ujuzi wa kufufua unaanza kupungua ndani ya miezi michache kama huufanyii mazoezi. Kwa hiyo ombeni wodini kwenu mfanye mazoezi mafupi kabla ya shifti, chukueni mwanasesere, moyo umesimama, waokoaji wawili, migandamizo ya kifua 15 pumzi 2, nani anachota dawa, nani anaandika muda. Dakika 10 zinatosha. Na nesi anayeanzisha mazoezi hayo wodini ameshaanza kuwa kiongozi kabla hata hajapewa cheo. Kwa walio sehemu ambazo hata ICU yenyewe hamna, mafunzo ya ETAT ya Shirika la Afya Duniani yanafundisha kutambua dalili za hatari mtoto anapofika tu, na huo ni msingi mzuri mno, msiudharau.

Marekani kuna CCRN ya watoto, cheti cha nesi wa wagonjwa mahututi, na hapa wengi mnapotea. Kwa ile njia ya miaka 2 wanataka saa 1,750 za kuhudumia watoto mahututi moja kwa moja, na 875 kati ya hizo ziwe za mwaka wa karibuni, na lazima uwe na leseni ya uuguzi ya Marekani. Kwa hiyo usilipie madarasa ya kujiandaa wakati leseni hiyo huna. Uingereza ukishasajiliwa kila miaka 3 unathibitisha usajili wako, saa 450 za kazi na saa 35 za kujiendeleza, 20 kati ya hizo ziwe za kujifunza pamoja na wengine, alafu unaandika tafakari 5 za mambo uliyojifunza kazini. Hizo tafakari ndo zinawatesa watu maana hawakuzoea kuandika.

Kitu ambacho hamna haja ya kusafiri ni OPENPediatrics, ni mafunzo ya mtandaoni yaliyoanzia Boston Children's Hospital, bure, yametengenezwa kwa ajili ya wanaohudumia watoto mahututi popote walipo. Kuna video za madaktari na manesi na kuna ventileta ya kujifunzia kwenye skrini, unabadilisha vipimo unaona kinachotokea bila kumgusa mtoto wa mtu.

Njia za kupanda ni nyingi, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Unaweza kuwa nesi mwalimu wa wodi, unaweza kusomea mashine ya ECMO inayofanya kazi ya moyo na mapafu nje ya mwili, kuna timu za kusafirisha watoto mahututi, kuna utafiti, kuna shahada ya uzamili au uzamivu ya kuwa nesi wa ngazi ya juu anayepima na kuandika dawa. Na kuna ofisi. Tatizo langu ni kwamba sehemu nyingi ofisi ndo imefanywa mlango pekee wa kuongezewa mshahara, yule nesi anayeona mtoto anabadilika kabla ya monita kulia anapewa faili na funguo za stoo, na wageni wanabaki usiku peke yao bila wa kumuuliza. Hilo linaniuma kweli. Wakuu wa wauguzi mnaonisikiliza, tengenezeni cheo cha bingwa wa kitandani, mwenye mshahara wake, abaki na watoto na awafundishe wengine.

Na msisahau roho zenu. Mtoto akifariki mkae pamoja kabla ya kuondoka, mseme kilichotokea, aliyelia aachwe alie. Manesi wazuri wengi wanaacha ICU kwa sababu hakuna aliyewauliza wanaendeleaje, na wakiondoka miaka yote ile ya ujuzi inaondoka nao.

Sasa kuna aliyeniuliza aandike nini kwenye sivii ya kuombea kazi: nunua daftari leo. Kila shifti andika umri wa mgonjwa, tatizo, ulichofanya kwa mkono wako, kama alikuwa kwenye ventileta, dawa zipi za pampu, jina la mtoto usiliandike kabisa. Mwisho wa mwezi mpelekee inchaji asaini. Kwenye intavyuu hawatakuuliza sana una miaka mingapi kazini, watakupa mtoto wa kwenye karatasi, miezi 8, anapumua haraka, miguu ya baridi, presha ya kawaida, na watakuuliza unaanza na nini.