Zile Namba Pembeni mwa Ngatu

Wanaonijua wanajua naanzia wapi, basi wanivumilie. Mmeuliza kama makumbusho yanavihifadhi kweli vitambaa vya magome ya miti. Naanzia Tonga, visiwa vya Pasifiki, kwenye zile namba za ngatu, kitambaa chao cha magome.

Niliwahi kusimama mbele ya ngatu katika makumbusho moja. Imetundikwa ukutani, taa zimefifizwa, na kibao kinasema "vazi". Vazi! Pembeni, kwa rangi nyeusi, naona 14, 15, 16. Nikamuuliza mhudumu. "Labda za stoo," akasema.

Za stoo! Jamani, hizo ni langanga, yaani vipande vya kupimia ngatu. Kina mama wanakaa pande mbili za ubao mrefu uliobinuka, vibao vya nakshi viko chini, magome yaliyopondwa juu yake. Wanasugua rangi ya mti wa koka mpaka nakshi ijitokeze, wanavuta, wanasugua tena. Kila mvuto, kama nusu mita hivi, unapewa namba. Zikifika 50, hiyo ni launima, na ukumbi huu hauitoshi. Sasa namba za nini? Za kukatia! Pakitokea harusi au msiba, inagawiwa, na fahu, yaani watu wa upande wa shangazi, ambaye kule heshima yake inampita baba, wanachukua zilizo bora. Nanyi watu wa makumbusho mnaitundika nzima, kisha mnasema mmeihifadhi.

Najua, mtaniuliza Hawaii je? Haya, nakubali. Kapa, kitambaa chao cha magome, ilizimika karne ya 19, na walioifufua miaka ya 1970 walikwenda kuchungulia vipande vya makumbusho. Lakini kipande hakikuambii uloweke gome siku ngapi. Hilo walilitafuta kwa kuharibu magome mengi.

Na wewe wa nyuma unayetaka kunitajia lubugo, kitambaa cha gome cha Buganda: mti wake, mutuba, unachunwa, unafungwa majani ya mgomba, unaota gome jipya. Mforsadi wa karatasi, mti wa ngatu na kapa, unakatwa wote! Machipukizi ya ubavuni usipoyang'oa tangu mche ungali mchanga, gome linatoka na matundu. Shamba likikosa mtu, hakuna kitambaa. Waulizeni Wamaori wa New Zealand: mwaka 1769 watu wa Cook, nahodha Mwingereza, walionyeshwa miche michache tu ya aute, yaani mforsadi huohuo, jinsi ilivyokuwa inateswa na baridi. Baadaye ikatoweka kabisa.

Naona kadi ya muda imeinuliwa. Siapo, kitambaa cha magome cha Samoa, naiacha. Ila ile ngatu pepa ya Watonga wa Auckland, New Zealand, yenye kitambaa cha kiwandani ndani yake, ambayo wataalamu wanaikunjia pua: hiyo inapelekwa misibani.