Alizama au alitupwa? Mwani unavyotoa ushahidi mochwari

ZAWADI: Haya Kassimu, maiti imeopolewa ziwani, mapafu yamejaa maji. Si basi, kafa maji?

KASSIMU: Subiri. Hata aliyetupwa akiwa ameshakufa, maji yanaweza kumwingia mapafuni yenyewe, hasa akikaa humo siku nyingi. Daktari anatafuta kujua kama mtu aliingia majini akiwa hai.

ZAWADI: Ndipo wanapohitaji mwani?

KASSIMU: Dayatomu. Mwani wa seli moja, huuoni bila hadubini, na kila seli ina gamba la silika, jamii moja na kioo. Sasa mtu akizama yu hai, anavuta maji kwa nguvu...

ZAWADI: Mfa maji haachi kutapatapa.

KASSIMU: Na kutapatapa ndiko kunakomponza! Dayatomu ndogo ndogo zinapenya vifuko vya hewa, zinaingia kwenye damu, na moyo, maadamu bado unapiga, unazisukuma hadi kwenye ini, figo, mpaka kwenye uboho, ule ulio ndani ya mifupa. Moyo uliokwisha kusimama hausukumi kitu.

ZAWADI: Kwa hiyo wanapasua mfupa?

KASSIMU: Wa paja. Ni mnene, umefungika, uchafu wa nje hauuingii kirahisi. Uboho unachemshwa kwenye asidi ya naitriki mpaka nyama yote iyeyuke. Magamba yenyewe asidi haiyawezi. Masalia yakiwekwa chini ya hadubini unaona vijiti, visahani, vimitumbwi vyenye mistari imepangika utadhani imechorwa kwa rula. Yanapendeza, Mungu anisamehe.

ZAWADI: Na mtu aliyekuwa anakunywa maji ya mto kila siku? Hana dayatomu mwilini?

KASSIMU: Hapo ndipo wataalamu wanapobishana. Zimewahi kukutwa kwa watu ambao hawakufa maji. Hata vyombo vya maabara visiposafishwa sawasawa vinaweza kuziingiza. Ndiyo maana inachotwa chupa ya maji palepale maiti ilipopatikana, aina zilinganishwe na zile za kwenye uboho. Zisipofanana, ushahidi unalegea.

ZAWADI: Na zisipoonekana kabisa?

KASSIMU: Usiseme hakufa maji! Huko Ontario, Kanada, mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya watu 738 waliokufa kwenye maji baridi, siyo ya bahari. Kipimo kilikubali, yaani kilizikuta dayatomu, kwa asilimia 28 yao tu. Tena majibu yalipanda na kushuka kwa miezi, kufuata misimu ya dayatomu kuzaliana.

ZAWADI: Robo na ushee! Ningekuwa hakimu ningekitupilia mbali.

KASSIMU: Ukitupe cha nini? Kikikubali, na aina zikafanana na za ziwani, kina uzito. Ila kisisimame peke yake. Kuna povu puani, mapafu yaliyovimba, majeraha, sumu.

ZAWADI: Je, aliyezamishwa kwenye beseni la kuogea nyumbani?

KASSIMU: Maji yaliyochujwa na kutiwa dawa huwa na dayatomu chache mno, pengine hakuna. Hapo mwani hausaidii. Daktari atafute michubuko ya kushikwa shingoni na mabegani.